Usiache Dawa Madhabahuni

Somo la wiki kwa ushirika wa nyumbani
Maandiko: Luka 17:11–19, Mambo ya Walawi 14:1–20, 2 Wafalme 20:1–7

Kabla hamjaanza, kila mmoja afungue Biblia yake asome mafungu hayo matatu polepole. La Walawi msiliruke kwa sababu ni refu. Tutalihitaji.

Somo hili nimelikwepa muda mrefu. Nimefundisha juu ya zaka, juu ya ndoa, juu ya ujazo wa Roho, lakini virusi vya ukimwi tumekuwa tukivigusa tarehe 1 Desemba tu, halafu tunaendelea na mambo ya Krismasi. Kaunti yetu ya Tana River si kama Homa Bay, Siaya au Kisumu, ambako ugonjwa huu umepiga hodi karibu kila boma. Basi sisi tumejidanganya ati hiyo ni shida ya watu wa bara, ati ni ya madereva wa malori wanaopitia hapa Minjila kwenda Lamu. Lakini ninyi mnajua na mimi najua. Kwenye viti vyetu vya Jumapili wamo wanaomeza kidonge kila usiku, na wamo waliokuwa wakimeza wakaacha. Hawa wa pili ndio walionifanya nishike kalamu.

Miaka kadhaa iliyopita kulikuwa na mkutano wa injili huku chini ya mto. Kijiji sitakitaja. Jioni ya tatu mama mmoja alipanda jukwaani kutoa ushuhuda. Wiki hiyo alikuwa ametoka kliniki na alishika karatasi mkononi. Akasema, "Pasta, nimepimwa, na daktari ameniambia virusi havionekani tena."

Mwenye maikrofoni nilikuwa mimi. Sikuuliza swali hata moja. Sikuuliza ni kipimo gani, wala daktari alimwambia afanye nini baada ya hapo. Nilipaza sauti nikatangaza kwamba virusi vimekwisha, na umati ukalipuka kwa vigelegele. Yule mama akafungua mkoba wake, akatoa mkebe wa dawa, akauweka kwenye mbao za jukwaa. Nakumbuka vidonge vilivyolia ndani yake, maana ulikuwa bado umejaa. Nikamwambia asiuokote tena.

Mumewe hakuwa na virusi. Walikuwa wameishi hivyo miaka minne, mke akimeza dawa, mume akipimwa mara kwa mara na kukutwa mzima. Baada ya ule mkutano mama hakumeza kitu. Miezi ya kwanza alikuwa na nguvu, tukamtumia kama mfano kwenye mikutano mingine miwili. Mwezi wa nane aliletwa hospitalini kwa bodaboda, mtu amemshika kutoka nyuma asianguke. Kilikuwa kifua kikuu. Mume alipopimwa safari hiyo, naye alikuwa navyo.

Wote wawili wako hai leo, wamerudi kwenye dawa, na wanalima. Wamenipa ruhusa niandike haya bila majina. Mama alisema neno moja tu: "Andika, pasta, lakini andika pia kwamba ni wewe."

Nimeandika.

KARATASI ILISEMA KWELI

Ile karatasi haikudanganya, na daktari hakudanganya. Aliyeisoma vibaya ni mimi.

Kipimo alichofanyiwa ni cha wingi wa virusi, yaani wanahesabu ni virusi vingapi viko kwenye kiasi kidogo cha damu. Mtu akimeza dawa vizuri, kwa kawaida baada ya miezi michache hesabu hiyo hushuka mpaka mashine haiwezi kuviona. Kwenye kliniki za CCC huandikwa herufi tatu, LDL, na wanaohudhuria wanazijua sana. Maana yake ni kwamba virusi vilivyobaki kwenye damu ni vichache kuliko mashine inavyoweza kuona. Hazisemi vimekwisha.

Hapa kwetu mfano hauhitaji kutafutwa mbali. Mama akiteremka mtoni kuchota maji akute maji yametulia, hakuna hata povu, je, husema mamba amehama? Hasemi. Anajua mamba akizama, maji hutulia vilevile. Virusi hivi huingia ndani ya seli nyeupe za damu, zile ambazo ni askari wa mwili, na kujiandika ndani kabisa, mahali seli inapohifadhi maagizo yake ya maisha. Baadhi ya seli hizo hulala miaka na miaka. Dawa hukamata kirusi kinapojaribu kuzaana, lakini kilichojificha ndani ya seli iliyolala haikifikii. Ukiacha dawa, seli zile huamka moja baada ya nyingine, na kwa watu wengi virusi hurudi kwenye damu ndani ya wiki chache. Tena mwanzoni husikii lolote. Mtu ameacha dawa, mwezi umepita, anabeba debe la maji kama kawaida, anasema mnaona, nimepona. Mamba yuko chini.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawaujui. Siku hizi viko vile vifaa vya kujipima mwenyewe kwa mate. Ni vizuri sana kwa mtu asiyejua hali yake, na hapa Kenya vilizinduliwa 2017. Lakini mtu ambaye tayari yuko kwenye ARV asijipime navyo ili kuona kama ameponywa. Kifaa hicho hakitafuti kirusi, kinatafuta kinga ambazo mwili umetengeneza kupigana na kirusi. Dawa ikifanya kazi kwa miaka mingi, kinga hizo zinaweza kupungua, na kifaa kikasema huna kitu ilhali unacho. Shirika la Afya Duniani limeonya juu ya jambo hili. Kwa hiyo ukiletewa kifaa cha aina hiyo kama ushuhuda, ewe mzee wa kanisa, kiweke chini kwanza.

Sasa niwaambie uzuri wa ile karatasi, maana nilipoisoma vibaya niliuharibu uzuri wake pia. Mtu ambaye virusi vyake havionekani, na anaendelea na dawa, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Sisemi kwamba uwezekano ni mdogo. Hamwambukizi. Walifanya utafiti mkubwa wa jozi 1,763, mmoja ana virusi na mwenzake hana, katika nchi 9, na Kenya ilikuwemo. Matokeo ya kwanza yalitoka 2011, ya mwisho 2016. Kwa wale ambao dawa ilikuwa imeshusha virusi mpaka havionekani, hakuna hata mmoja aliyempa mwenzake. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema waziwazi kwamba kwa njia hiyo hatari ni sifuri.

Basi yule mume alikuwa salama miaka minne, na kilichomlinda ni kidonge cha mkewe. Ukuta ule ndio niliouondoa jukwaani kwa maneno yangu, watu wakipiga makofi.

WALE KUMI WALITUMWA WAPI

Turudi kwenye Luka 17. Watu kumi wenye ukoma wanasimama mbali kwa sababu sheria iliwakataza kukaribia, wanamlilia Yesu awarehemu. Yeye hawawekei mikono, wala hawaambii watupe kitu. Anawaagiza waende kwa makuhani wakajionyeshe. Na wakiwa njiani wanatakasika.

Najua fungu hili linavyohubiriwa. Nimelihubiri hivyo mwenyewe: walitembea kabla hawajaona, kwa hiyo nawe tembea kwa imani, acha dawa kabla hujaona. Lakini tuangalie walikuwa wanatembea kwenda wapi! Walikuwa wanaenda kupimwa. Imani yao ilikuwa kwenda kwa mpimaji. Haikuwa kumkimbia.

Kwa nini kuhani? Hapo ndipo Walawi 14 inatusaidia. Katika Israeli kuhani ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kusema huyu ni mgonjwa, huyu ni safi. Anatoka nje ya kambi, anamwangalia mtu. Akimwona amepona, bado mtu huyo hafungui mlango wa nyumba yake siku hiyo. Ananyoa, anaoga, anafua nguo, anakaa nje ya hema lake siku saba. Siku ya saba ananyoa tena mpaka nyusi. Siku ya nane ndipo anatoa sadaka. Zaidi ya wiki nzima, kwa mtu ambaye tayari ameshapona! Mungu hakuona haya kuchunguzwa kazi yake. Sisi ndio tuna haraka.

Nitataja mtu mmoja ili tuone jinsi hata madaktari walivyokuwa wavumilivu. Mmarekani aitwaye Timothy Ray Brown alikuwa na virusi, tena akapata saratani ya damu. Mwaka 2007, mjini Berlin, alipandikizwa uboho wa mtu ambaye kwa maumbile yake virusi hivi haviingii kirahisi kwenye seli zake. Aliacha ARV chini ya uangalizi wa madaktari, na virusi havikurudi tena. Waliendelea kumpima kwa miaka, damu na sehemu nyingine za mwili, kabla dunia haijakubali kwamba ndiye wa kwanza kupona. Alifariki 2020 kwa ile saratani, bila virusi. Tangu hapo wamefuata wachache sana kwa njia hiyo hiyo, ambayo ni ya hatari na haiwezi kufanywa kwa kila mtu. Dawa ya kumaliza kabisa haijapatikana.

Na Hezekia? Yeye aligeukia ukuta akalia, Mungu akamjibu kupitia Isaya kwamba amesikia na atamwongezea miaka kumi na mitano. Ahadi imetoka. Angalieni kinachofuata: nabii yule yule, baada ya ahadi, anaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu la mfalme. Hezekia angeweza kusema, Isaya, tini za nini tena, si nimeshaponywa? Hakusema. Wale tini hawakumpunguzia Mungu utukufu hata kidogo.

Mimi naamini Mungu anaponya. Nisingekuwa mchungaji kama siamini. Ninachosema ni kwamba aliyeombewa aendelee na dawa yake, na kama Bwana amefanya jambo, aende akajionyeshe kwa wale walio na mamlaka ya kupima. Daktari ndiye atakayesema dawa iachwe, na ushuhuda utakaa salama mpaka siku hiyo. Hautaoza.

SI SISI PEKE YETU TULIOKOSEA

Wazee wanakumbuka tulikotoka. Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi Kenya alijulikana 1984. Miaka ile hakukuwa na la kumwambia mtu. Mwaka 1990 ilitangazwa Nairobi kwa shangwe, Rais Moi akiwepo, kwamba taasisi yetu ya utafiti wa tiba imepata dawa iitwayo Kemron. Watu walifurahi kama tulivyofurahi kwenye ule mkutano. Ilipojaribiwa kwingine haikuonyesha kazi. Novemba 1999 Rais huyo huyo akatangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa, na kwa wengi wetu hiyo ilikuwa miaka ya kuchanga pesa za sanduku.

Dawa zenyewe zilikuwepo ng'ambo. Tangu 1996 ilijulikana kwamba ukichanganya dawa tatu mgonjwa anainuka kitandani, lakini bei ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ikasema itauza kwa dola 350. Mwaka 2003 Marekani ikaanzisha mpango wake wa PEPFAR, na dawa zikaanza kufika mpaka vituo vyetu bila malipo. Zamani ulisubiri mpaka kinga ishuke ndipo uanze. Tangu 2016 Kenya inasema ukipimwa ukakutwa navyo, unaanza. Na kuanzia 2017 tukapata ile yenye dolutegravir, kidonge kimoja kwa siku, tatu ndani ya kimoja, na madhara yake kwa wengi ni machache kuliko zile za zamani zilizowatia watu ndoto mbaya. Aliyeanza mapema na hakosi dozi anaweza kuishi miaka karibu sawa na mtu mwingine yeyote. Leo Wakenya karibu milioni 1.4 wanaishi na virusi hivi, na wengi wao ukiwaona barabarani huwezi kuwatambua.

Katikati ya maendeleo hayo yote ndipo ikaja Loliondo. Ilikuwa 2011. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, katika kijiji cha Samunge kaskazini mwa Tanzania, alitoa kikombe kimoja cha dawa ya mti kwa shilingi 500 za Tanzania, akisema ni Mungu aliyemwonyesha. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, na Wakenya walivuka mpaka kwa maelfu. Simhukumu mzee yule, amelala tangu 2021. Kunywa kikombe ni jambo moja. Lakini wapo waliokunywa wakaenda nyumbani wakatupa ARV, wengine wakarudi hospitalini wamebebwa, wengine hawakurudi. Mimi niliona hayo kwenye habari nikatikisa kichwa, nikasema hawa Watanzania! Halafu nikafanya yale yale jukwaani kwangu, bila hata kikombe.

MAMBO YA NYUMBANI KWETU

Tukifunga, funga. Lakini kidonge kimezwe. Maji ya kumezea dawa hayavunji mfungo mbele za Mungu, na kile kidonge cha siku hizi kinaweza kumezwa na chakula au bila chakula. Mwenye shida nyingine kama kisukari, au anayetumia dawa za kifua kikuu, amwone daktari kwanza kabla hajaingia kwenye mfungo wa siku ishirini na moja. Kitu kimoja cha kuangalia ni dawa za kutuliza kiungulia, na vidonge vya chuma na vya kalsiamu, vile vinavyotolewa kwa akina mama wajawazito. Hivyo vinaweza kuzuia dolutegravir isiingie vizuri mwilini. Uliza kliniki uvipangie saa tofauti. Na mitishamba vilevile, taja kila unachokunywa.

Tukiwa na kesha, beba dawa yako. Simu ikilia saa tatu usiku katikati ya sifa, toka nje umeze, urudi. Mashemasi, mtu akitoka nje wakati wa maombi msimfuate na macho.

Tena kuna jambo linalonihuzunisha. Wapo wanaotia pamba ndani ya mkebe ili vidonge visilie kwenye mkoba kanisani. Wapo wa Garsen wanaopanda gari mpaka Malindi, zaidi ya kilomita 100, wanapita vituo vyetu vyote njiani, ili tu wasikutane kwenye benchi la kliniki na mtu wa kwaya. Siku nauli ikikosekana, dawa inakosekana. Hayo ni matunda ya midomo yetu. Mtu hakimbii hospitali, anakimbia washirika.

Halafu mto. Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, mnakumbuka maji yalivyokata barabara, watu wakahamia kambini na nguo za mwilini. Kwenye zogo kama lile mtu anaokoa mtoto, mbuzi na godoro. Mkebe unabaki ndani. Wale ambao hali yao imetulia wanaweza kupewa dawa za miezi mitatu, na wengine hata sita. Ombeni mapema kabla ya masika na kabla ya vuli, msingoje mto ujae. Funga dawa kwenye mfuko usiopitisha maji pamoja na kadi yako, na piga picha ya kadi kwa simu, maana ukijikuta kambini kituo chochote kinaweza kukusaidia kikijua unatumia nini. Ukikosa siku kadhaa usione haya ukaacha moja kwa moja. Rudi tu.

Mtasema, na zile habari za Marekani? Ni kweli, tangu Januari 2025 misaada ile iliposimamishwa ghafla, wahudumu wengi nchini walipoteza kazi, na sehemu nyingi huduma za CCC sasa zinachanganywa na za wagonjwa wengine. Utakuta foleni ni ile ile ya malaria. Isikufanye ukate tamaa. Uliza kituoni kwako utaratibu ni upi sasa.

KUZUIA

Hapa nitasema kwa kifupi, ingawa najua wengine hawapendi nitaje mambo haya kwenye gazeti la kanisa. Uaminifu katika ndoa unabaki kuwa Neno, sijaubadilisha. Lakini mke mwaminifu anaweza kuolewa na mtu mwenye virusi, na mume mwaminifu vivyo hivyo. Kwa hao kuna kondomu, na kuna PrEP, kidonge anachomeza yule asiye na virusi ili asivipate. Jozi 4,747 za Kenya na Uganda zilishiriki utafiti wa kidonge hicho, na kilipunguza maambukizi kwa zaidi ya theluthi mbili. Kenya ilianza kukitoa 2017. Sasa imekuja hata sindano ya lenacapavir, inayodungwa mara mbili tu kwa mwaka. Ilijaribiwa Afrika Kusini na Uganda, na kati ya wasichana na wanawake 2,134 waliodungwa, hakuna hata mmoja aliyepata virusi wakati wa utafiti. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025. Ulizeni kituoni kama imefika.

Akina mama wajawazito, pimweni mapema kliniki. Bila dawa, kati ya watoto mia wa mama wenye virusi, kumi na tano mpaka arobaini na tano wanaweza kuvipata. Mama akimeza dawa na mtoto akapewa ile ya maji, wanashuka chini ya watano. Mama ananyonyesha mtoto wake kama wengine, akiendelea na dawa bila kukosa, na mtoto anapimwa kuanzia wiki ya 6. Usikose siku hiyo hata kama unajua mtoto ana afya.

Na hili naomba lisomwe kwa sauti kwenye kila ushirika. Binti au mtu yeyote akibakwa, msikae kwanza kikao cha wazee. Kuna dawa ya kuzuia virusi visishike, lakini ianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Inamezwa siku 28. Wazee watakaa baadaye, na polisi wataambiwa, lakini saa zile hazirudi. Hospitali kwanza.

Kwa wanaotaka kuoa: tumekuwa na desturi ya kudai cheti cha kupimwa kabla ya harusi. Sheria ya Kenya ya 2006 juu ya virusi vya ukimwi inakataza kumlazimisha mtu kupimwa kama sharti la ndoa, na majibu ya mtu ni siri yake. Basi kuanzia sasa ofisi ya mchungaji haitapokea cheti hicho. Tutawashauri wachumba waende pamoja kwa hiari, waambiane wenyewe, na mmoja akiwa na virusi tutakaa nao tuwaeleze yale mliyoyasoma hapo juu. Harusi haitavunjwa na karatasi.

Maswali ya ushirika wa nyumbani. Kwa nini yule mmoja aliyerudi kushukuru alikuwa Msamaria, na hao tisa tunadhani waliishia wapi? Kama mtu wa kikundi chenu angetaka kuweka dawa zake kwenye nyumba yenye amani zaidi kuliko yake, angechagua nyumba ya nani kati yenu? Na mtu akisimama Jumapili ijayo aseme virusi havionekani, mimi nikiwa na maikrofoni, mngependa nimuulize nini? Leteni majibu ya swali la tatu yakiwa yameandikwa. Nitayasoma yote kabla ya ibada.